Sabuni Iliyoombewa

Juzi jirani yangu hapa Nachingwea mjini alikata mpapai wake dume uliokuwa umemchosha kwa maua bila matunda. Nikapita asubuhi na kapu langu la sokoni, nikakanyaga majani yaliyotapakaa njiani, na ile harufu ikanipanda puani: mbichi, chungu, na kwa chini yake kitu kama maziwa yaliyoanza kuharibika. Nikasimama pale pale. Jirani akadhani nimechomwa na mwiba, akaja kuniuliza. Mimi nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu Mbekenyera, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati nchi nzima ilipokuwa haina sabuni.

Nyinyi mliozaliwa baadaye mtasema natia chumvi. Sitii. Sabuni ikifika duka la kijiji, habari zake zilitufikia sisi wa kawaida ikiwa imeshatokea mlango wa nyuma. Tukarudi kwenye mpapai. Majani yalipondwa kwenye kinu, yakalowekwa ndani ya ndoo mpaka maji yakatoa povu dogo la kinyonge, ndipo ukafulia humo. Nguo zilitakata kiasi, siwezi kukataa, lakini weupe uliondoka. Mashati yetu ya shule yakawa na rangi ya uji wa mtama, nasi wenyewe tukanuka mpapai darasa zima, na kwa kuwa tulinuka wote hakuna aliyemcheka mwenzake.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, katikati ya mikorosho ya Waislamu. Kijiji karibu chote kilikuwa cha Waislamu, na sisi Wakristo tulikuwa kaya chache zinazojuana mpaka kikohozi. Padre alikaa huku Nachingwea, akatujia kwa pikipiki pale mafuta yalipopatikana. Siku nyingine zote tulikuwa chini ya Katekista Elifasi, Mungu amrehemu, maana mimi sijaweza.

Katekista alikuwa mtu wa huku huku kwetu, ila tangu arudi kwenye kozi yake ya miezi michache alianza kuongea kama mtu aliyetoka mbali. Alikuwa na hubiri moja. Nililisikia wakati wa palizi na wakati wa mavuno, nikalisikia kwenye ndoa na kwenye maziko, nalo lilikuwa juu ya kukaza macho. Mkristo, alituambia, amkazie macho Bwana akiwa jikoni, akiwa shambani, akiwa kisimani, asigeukegeuke. Maneno mazuri, wala siyapingi. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikaza macho mpaka yakapita juu ya vichwa vya watu. Ungekuwa na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, Katekista anakupita na baiskeli yake akiimba. Macho yale yalishuka kwa kitu kimoja tu, nacho ni kuku. Alikuwa na kipaji cha kufika nyumbani kwa mtu kuleta baraka wakati mchuzi unaelekea kuiva, na baraka zake ziliendelea mpaka ukapakuliwa.

Msaidizi wake alikuwa Mama Bwana Shamba. Jina lake halisi hatukulijua. Mumewe alikuwa afisa kilimo aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya mbali, basi na yeye tukamwita hivyo. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kwa sababu alivaa viatu vya kufunika na aliweza kusoma somo bila kugugumia. Alitupa mkono kwa ncha za vidole, kisha akavipangusa kwenye leso akidhani hatuoni. Tulikuwa tunaona.

Mama yangu ndiye aliyefua vitambaa vya altare. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye hatua ndefu na maneno machache. Baba alikuwa mbebaji kwenye ghala la korosho mjini na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo shamba, maji, mimi na vitambaa vya Mungu vyote vilikuwa juu ya mama. Alivifua peke yake, akavipiga pasi ya mkaa, akavibeba kanisani vikiwa juu ya mikono yake miwili namna watu wanavyobeba mtoto aliyelala.

Mwaka huo askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na mimi nilikuwa mmoja wa watoto watakaopakwa mafuta. Padre akaleta kutoka Nachingwea miche kadhaa ya sabuni iliyofungwa kwenye gazeti, sabuni ya manjano, nzito, ya kweli. Harufu yake ilisikika kanisa zima kabla haijafunguliwa. Vitambaa vyote, akasema padre, vitakate kabla ya askofu kufika. Kisha akawasha pikipiki yake akaondoka, akatuachia sabuni na Katekista.

Na Katekista akaiombea. Nasema kweli, aliiweka ile sabuni mbele ya altare, akainua mikono, akaiombea maombi marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akimwombea mgonjwa. Akaiweka wakfu. Akamwomba Mungu ailinde, na eti isiguse kitu chochote isipokuwa nguo za nyumba yake. Wazee wa kanisa wakaitika amina. Mama naye aliitika, nilikuwa karibu yake. Baada ya ibada akakabidhiwa mche mmoja, na iliyobaki ikafungiwa kwenye sanduku la mavazi ya padre, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Katekista chini ya shati.

Jirani yetu wa upande wa kisimani alikuwa Bibi Somoe. Alikuwa mzee wa Kimwera, Mwislamu, mwenye sauti kubwa na mzaha mwingi, ambaye kabla ya kuugua alizoea kuja kwetu kuchukua moto akaondoka na moto pamoja na habari zote. Mwaka huo alipooza upande mmoja. Wanawe walikuwa wamehamia mashamba mapya kule Kilimarondo, wakilinda mahindi yasiliwe na tembo, na salamu za kuwaita zilitangatanga njiani. Aliyebaki naye ni mjukuu wake Zainabu, mtoto wa rika langu, aliyepika uji na kuchota maji lakini hakuweza kumgeuza mtu mzima kitandani. Na Bibi Somoe haja zake zote zilikuwa zinaishia kitandani.

Mama akaanza kwenda kila siku kabla ya jua kusimama. Alinichukua nami nimsaidie kubeba. Ilikuwa kiangazi, mabibo yanaanguka na kuoza chini ya mikorosho, maji tunayachimba mchangani mtoni na kuyachota kwa kata, na kila ndoo ina thamani. Matambara ya kitandani mama aliyafua kwa majani ya mpapai. Lakini palikuwa na shuka moja nyeupe, na kanga, na ushungi, na hivyo vitatu hakuvifua kwa mpapai. Alikata kipande cha ile sabuni kwa uzi, chembamba mpaka unaona mwanga, akavifua mpaka vikatoa ule mlio wa nguo safi. Akaviosha kwa maji mengi ambayo mimi niliyaonea huruma. Akaanika juu kabisa, akaniambia nilinde mbwa na kuku wasivisogelee, nami nikakaa pale na fimbo nikijiona mjinga. Nilidhani mama ana kichaa cha usafi. Nilidhani pia kwamba haraka yake yote ile ni ya kuwahi kuokota korosho.

Aliyeharibu ni Mama Bwana Shamba. Alipita siku moja akitafuta mayai ya kununua, akafika usawa wa kamba yetu, akasimama. Miaka ile pua ilikuwa inaijua sabuni kuliko pilau. Akaishika shuka ya Bibi Somoe, akainusa upande huu na upande huu kama mtu anayenunua kitambaa dukani, akaniangalia. Kisha akageuza njia akarudi alikotoka. Mayai aliyasahau.

Jumapili, baada ya ibada, mama aliambiwa abaki. Akanishika mkono, tukakaa wote wawili kwenye benchi la mbele, wazee wa kanisa wakakaa upande wa pili wakitutazama. Mama Bwana Shamba alikaa nao.

"Mama Roza," Katekista alianza, akimwita kwa jina langu, "ile sabuni tuliiombea au hatukuiombea?"

"Tuliiombea, Katekista."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Niliitika amina."

"Sasa imefikaje kwenye matandiko ya Bibi Somoe?"

"Niliipeleka mimi. Mgonjwa yule anajichafua, na hana mtu."

Mama Bwana Shamba akakunja leso yake. "Wagonjwa wetu wenyewe tunao," akasema.

"Yupi, mama? Nitajie, nikitoka hapa nikamfulie."

Hakumtaja, kwa kuwa hakuwa anamjua hata mmoja. Ndipo likaja lile ambalo nikilikumbuka mpaka leo najisikia kutema mate. Mzee mmoja akauliza, kwa uso wa kazi kabisa, kama sabuni iliyoombewa ikigusa mavi baraka zinatoka au zinabaki. Mwingine akasema inategemea nguo imesuuzwa mara ngapi. Wa tatu akataka kujua kama kipande kilichobaki kinaweza kurudishwa kwenye sanduku pamoja na vingine, au vitaambukizana. Watu wazima, wenye wajukuu! Wakajadiliana wakati Bibi Somoe amelala njia ya pili kutoka pale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hali yake.

Katekista akafunga mjadala. "Hukukaza macho, Mama Roza. Umegeuka pembeni."

Hukumu yake ilikuwa hivi: mama hatagusa tena vitambaa vya altare, atakaa benchi la nyuma, na hatapokea komunyo. Siku ya askofu hatasimama nami mbele. Mama Bwana Shamba ndiye atakayeniwekea mkono begani. Lakini kanisa lina huruma, akasema. Kama mama atasimama Jumapili ijayo mbele ya watu, akiri kosa, aahidi kuacha, yote yatafutwa na atanisimamia mwenyewe.

Mimi nilimgeukia mama nikiwa na hakika atakiri. Lilikuwa jambo dogo mno. Nilikuwa nimeshonewa gauni kwa kitambaa cha pazia ambacho baba alikipata mjini kwa kubembeleza, na kwa miezi nilikuwa nikijiona nikitembea kwenda mbele ya askofu na mama yangu nyuma yangu, mrefu kuliko akina mama wote. Maneno mawili tu yalitosha.

"Siwezi kusema nimekosea," mama akajibu, "kwa kitu ambacho kesho asubuhi nitakifanya tena."

Akatoa kile kipande cha sabuni kilichobaki kwenye pindo la kanga, akakiweka mezani mbele yao, tukaondoka. Njia nzima nililia. Mama hakunikemea wala hakunibembeleza. Tulipofika aliangua majani ya mpapai, akayatia kwenye kinu, na kesho yake asubuhi alikuwa kwa Bibi Somoe kama kawaida, ila sasa shuka ile ilimchukua muda mrefu zaidi, akiisugua kwa majivu mpaka ngozi ya vidole ikambanduka.

Ilipokaribia siku ya askofu, Katekista alifungua sanduku. Panya walikuwa wameila sabuni yote. Wakristo wenzangu mtanisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini. Katekista akatangaza kwamba hayo ni mashambulizi ya Shetani, akaitisha maombi ya kuwakemea panya. Mama Bwana Shamba akavichukua vitambaa nyumbani kwake na kuvirudisha vyeupe kama pamba, vikinukia, kwa sabuni yake mwenyewe ambayo hatukuwa tumewahi kujua kwamba anayo. Miezi yote ile, akija kanisani kutuongoza kuombea mahitaji ya wanawake wa kijiji, sabuni ilikuwa uvunguni mwa kitanda chake.

Siku yenyewe watu walikuja mpaka kutoka mitaa ya jirani. Askofu alikuwa mzee mpole aliyechoka na vumbi la safari, na ibada ilikuwa ndefu kwa sababu Katekista alitaka kila kwaya iimbe. Mimi nilikuwa kwenye mstari na gauni langu la pazia, na begani mwangu mkono wa Mama Bwana Shamba, mlaini, umekaa kwa ncha za vidole. Jambo pekee lililonipa nguvu ni kwamba mama alikuwa kwenye benchi la nyuma ananiona. Nilipokaribia kufika mbele niligeuka nimtazame. Benchi lilikuwa tupu.

Nilipakwa mafuta na sikusikia neno hata moja la askofu. Nilikuwa nawaza kwamba mama ameshindwa kukaa hata siku hii. Katekista naye aliona lile benchi, na baada ya ibada, mbele ya wageni, akasema mnaona wenyewe, mtu akishaanza kugeuka huwa haishii pale. Alisema kwa furaha. Nyumbani nilimkuta mama anakoka moto wa kupika. Akanitazama paji la uso, pale palipopakwa, akasema gauni limenikaa vizuri. Nikamnunia siku nyingi, na yeye akaniacha ninune.

Bibi Somoe alifariki kabla ya mvua za kwanza. Wanawe walifika kuzika. Basi Katekista akamjulisha mama kwamba kwa kuwa kishawishi kimeondolewa, anaweza kurudi. Na mama akarudi. Akapokea komunyo, akachukua vitambaa, akafua, akapiga pasi, akavibeba kwenye mikono yake miwili kama zamani. Nilimwona mnyonge. Baadaye Katekista alihamishiwa mtaa mkubwa zaidi, akaagwa kwa ngoma na kuku wanane ndani ya tenga, akaondoka akiwa amekaza macho kwenye lile tenga.

Miaka mingi ilipita. Nilikuwa nimeshaolewa na kuhamia huku Nachingwea nilipokutana na Zainabu sokoni, anauza ufuta, mtu mzima mwenye watoto wake. Tukakaa kwenye magunia tukaongea mpaka wateja wake wakakasirika. Nikamtania kuhusu mama na kichaa chake cha ile shuka. Zainabu akanishangaa.

"Kwani mama hakukwambia? Ile ilikuwa ya kusalia."

Akanieleza. Bibi Somoe alipopooza hakulia kwa ajili ya mkono wala mguu. Alilia kwa sababu hakuweza kusali. Shehe alikuja akamwambia mgonjwa anasameheka, asali hivyo hivyo alivyo, Mungu anajua. Bibi akakataa. Akasema hajapata kusimama mbele ya Mungu akiwa ananuka mkojo na hataanzia uzeeni. Akawa analala kimya uso kwenye ukuta, mzaha wote umekwisha, na uji hautaki. Mama yangu akamkuta hivyo, akamuuliza, akaambiwa. Tangu siku hiyo, kila siku kabla ya adhuhuri, alikuja akamwogesha, akamvika kanga safi na ushungi, akamtandikia shuka nyeupe, akamgeuza kuelekea kibla na kumwegemeza mito. Kisha alitoka akakaa mlangoni, mgongo ndani na uso nje, akizuia watoto na kuku, mpaka Bibi akamaliza. Ilikuwa sala moja kwa siku, kwa kuwa nguo zilikuwa za sala moja.

"Jumapili ile yenu ya askofu nilijua hatakuja," Zainabu akasema. "Nilimwambia Bibi leo tusahau. Mara namwona huyo anakuja mbio, kiatu kimoja mkononi."

Nilirudi nyumbani nikiwa sijanunua nilichokwenda kununua. Sabuni ile iliombewa ili Mungu aabudiwe juu ya kitambaa safi. Panya wakala ile ya sandukuni aliyoifungia Katekista, na ya mama ikafanya kazi iliyoombewa, tena kila siku. Na mwanamke aliyefanya hivyo ndiye waliyemweka benchi la nyuma.

Mwezi huo huo nilikwenda Mbekenyera. Nikamkuta mama, sasa mzee, anachambua mbaazi kwenye ungo. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wazee siku ile kwamba ni nguo za kusalia.

"Wangeanza kujadili na hilo," akasema.

"Na mimi je? Siku yangu ya kipaimara ukaniacha."

Akaendelea kuchambua. "Wewe ulikuwa na askofu, ulikuwa na padre, ulikuwa na kanisa zima. Yeye alikuwa na mimi na Zainabu, na adhuhuri ilikuwa inafika."

Katekista Elifasi namdharau mpaka leo, na Mama Bwana Shamba namdharau zaidi, na sioni sababu ya kuacha. Mama hakuwahi kuwadharau, nami utoto wangu wote nilidhani ni upole, au uoga. Sasa najua kwamba wala hakuwa mpole. Wakati wao wamekaa kwenye benchi lao wakipima kama baraka za sabuni zimetoka au zimebaki, yeye alikuwa anatazama dirishani jua limefika wapi.